Aliyemsemea Mjumbe wa Kudumu

3 Machi

Dada Kasuku,

Shikamoo. Barua hii anakuletea dereva wa shirika la misaada, maana ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kuvuka daraja, tena gari likiwa tupu. Dawa haruhusiwi kubeba, unga haruhusiwi. Barua anaruhusiwa, mradi bahasha isifungwe. Kwa hiyo ujue kuna askari ameisoma kabla yako. Hujambo, askari?

Simu zilikufa siku ile ile walipofunga daraja. Umeme unakuja ukijisikia. Hospitalini tunafua bandeji na kuzianika dirishani, na mimi nimekuwa muuguzi, mfuaji na mganga wa maneno matamu, kwa sababu wagonjwa wengi siku hizi nawatibu kwa maneno tu. Mama hajambo. Dawa yake ya sukari ipo, nimeiweka kwenye mtungi wa maji ya baridi, kwa kuwa friji siku hizi ni kabati la viatu. Usianze kuhesabu vichupa ukiwa huko. Ipo.

Redio inasema Baraza lenu litapiga kura kuhusu azimio la kufungua daraja, ili magari ya dawa yaingie. Ni kweli? Hapa watu hawana mazungumzo mengine. Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anawatangazia wote kwamba wewe ndiye unayewaambia wakubwa la kusema. Nikamwambia hapana, dada ni mkalimani, wao wanasema kwa lugha yao na yeye anatusemea kwa yetu. Akanijibu, "Basi si ndiyo hiyo hiyo?" Nimechoka kubishana naye.

Mama ananisimamia hapa nyuma ya bega. Anasema nikuandikie hivi: kwenye redio unameza mate kabla ya kila sentensi, watu watadhani hatukukulisha.

Mdogo wako

17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, nikacheka peke yangu hadi mlinzi akageuka. Mwambie mama nameza mate kwa hofu, si kwa njaa.

Ndiyo, ni kweli. Azimio limeletwa, na kura ni wiki ijayo. Nitakuwa kwenye kibanda cha wakalimani, na redio itanirusha moja kwa moja. Kibanda chetu kiko juu, kina kioo mbele, na mle ndani tuko wawili, mimi na mwenzangu, tunapokezana. Chini naona meza kubwa ya wajumbe. Kila mmoja ana kibao cha jina la nchi yake. Wajumbe wengi wanakaa muda mfupi kisha zamu yao inaisha, na kibao kinachomolewa, kinawekwa cha mwingine. Lakini wako wachache ambao vibao vyao vimekazwa mezani kwa skrubu. Hao ndio wajumbe wa kudumu. Hawaondoki. Nchi zao zilishinda vita zamani, babu zao ndio walioandika sheria, na katika sheria hiyo wakajiwekea kura ya turufu: mmoja wao akipinga, basi, hata wengine wote wakiunga mkono, azimio limekufa.

Nilipoanza kazi nilimuuliza mkuu wa wakalimani kwa nini sheria hiyo haibadilishwi. Akasema inaweza kubadilishwa vizuri kabisa, mradi wao wenyewe wakubali. Alisema bila kucheka, na mimi nikaandika kama mwanafunzi.

Lakini msijitie hofu mapema. Huku mambo yanazungumzwa hadi dakika ya mwisho. Tutaona. Tena nakuomba, nieleze habari za sukari ya mama kwa tarakimu, si kwa vichekesho. Mimi na wewe tunajuana.

Kasuku wenu

26 Machi

Dada,

Sijapata jibu lako, sijui liko wapi. Naandika hivyo hivyo.

Kwa nini ulisema unapinga?

Najua kazi yako, si mjinga. Lakini mimi ni mmoja tu, na jana ndani ya wadi walikuwepo watu wa mtaa mzima. Redio tuliitundika dirishani, tukaiunga na betri ya gari. Ulipoanza kusema, mama alikaa wima kitandani pangu pa zamu akajifunga kanga vizuri, kama vile unaingia mlangoni. Wakaitwa mmoja mmoja. Ukasema, "Naunga mkono." Ukasema tena, "Naunga mkono." Watu wakawa wanakuhesabia kwa vidole. Kisha akaitwa wa mwisho, na kwa sauti ile ile, sauti iliyokuwa ikitusomea hadithi, ukasema, "Napinga." Hukusema yeye anapinga. Ulisema napinga.

Watu wote waligeuka wakamtazama mama.

Nilijaribu kueleza. Fundi cherehani akanikata, "Tumesikia kwa masikio yetu. Wote wamekubali, mwanenu tu ndiye kakataa. Mmoja anawashindaje wote? Hata kamati ya maji ya mtaa haiendeshwi hivyo." Yeye ana haki ya kuwa na uchungu, binti yake naye ana sukari kama mama, na dawa yake inakaribia kuisha. Usiku huo huo dirisha letu la mbele lilivunjwa. Asubuhi mama alienda kwenye foleni ya maji, akarudi na ndoo tupu, akasema hakuwa na kiu. Nikamwuliza nani amemsukuma. Akasema, "Kwani lazima mtu asukumwe? Nimerudi mwenyewe."

Hakulaumu hata kidogo. Anachosema ni kwamba safari hii hukumeza mate.

Tafadhali, kama kuna kura nyingine, muombe mkuu wako akupangie kazi nyingine. Au geuza sentensi. Utapungukiwa nini ukisema "mjumbe anapinga"?

Dawa ya mama ipo.

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi hadi imechanika mkunjoni. Niwie radhi kwa dirisha. Mwambie mama aniwie radhi kwa ndoo.

Sheria ya kibanda ni moja na huwa haina mjadala: mkalimani hana "yeye". Mjumbe akisema "nimefiwa", nasema "nimefiwa". Akisema "nina furaha", nasema "nina furaha", hata kama nimetoka kulia chooni. Ukisema "anasema kwamba", wakalimani wote wanakuona mshamba, na mkuu anakuita ofisini. Nimeishi hivyo miaka na miaka, nikajivunia. Sikuwahi kufikiri kwamba upande wa pili kuna mtu anayeijua sauti yangu kuliko anavyolijua Baraza.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Nilipokuandikia "tutaona", nilikuwa najua. Koridoni wote tulikuwa tunajua tangu siku azimio lilipoletwa. Mjumbe wa ile nchi alikuwa na jibu lake limechapwa tayari. Sikuwa na moyo wa kukuandikia hivyo, nikakuandikia juu ya skrubu.

Na huyo mjumbe, laiti angekuwa na pembe. Ni mzee mpole, ana kikohozi, anatembea na peremende mfukoni na anatugawia wakalimani tusikaukwe na koo. Baada ya kura alinikuta kwenye lifti. Akasema, "Umenisemea vizuri sana." Akaniuliza mama yangu hajambo, kwa maana alisikia nina wazazi upande ule. Nikamjibu hajambo, asante. Nikapokea peremende. Niliishika hadi ikayeyuka mkononi, na mpaka leo sijui kwa nini sikuitupa.

Nimemuomba mkuu anitoe. Amekataa. Wa lugha yetu tuko wawili tu, na mwenzangu hawezi kikao kizima peke yake. Nikamuomba ruhusa ya kusema "mjumbe anapinga". Akanitazama kwa huruma akasema ukianza na neno moja hujui utaishia wapi.

Azimio limerudishwa tena, limelainishwa kidogo. Kura ni Jumatatu. Wengine wataunga mkono, yule atapinga, hilo msijidanganye. Lakini nakuapia jambo moja: neno lile halitatoka tena kinywani mwangu. Atafute kinywa kingine. Sitawabebesha tena mama na wewe lawama za mtu mwingine.

Dereva anaondoka sasa hivi. Niambie ukweli juu ya dawa. Usinifiche.

Kasuku

14 Aprili

Dada! Dada! Dada!

Imepita! Utanisamehe mwandiko. Naandika nikiwa nimeegemea toroli la dawa, wadi nzima inaimba na hakuna anayewanyamazisha, hata mimi.

Safari hii watu walikuja kusikiliza wakiwa wamenuna, wengine walikuja ili wakutukane tu. Fundi cherehani alisimama mlangoni amekunja mikono. Wakaanza kuitwa. "Naunga mkono." "Naunga mkono." Sauti yako ilikuwa nzito lakini imetulia. Ukafika kwa yule wa mwisho. Mwenyekiti akamwita, wewe ukalitaja jina la nchi yake, halafu kimya. Tukasubiri. Kimya. Mtu akasema redio imekufa, nikaigusa, taa inawaka. Kimya kile kile. Mama ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akasema, "Ameishiwa maneno. Mwanangu amemshinda." Hapo hapo redio ikaanza kupiga muziki, na fundi cherehani, huyo huyo, akapiga kigelegele kilichowaamsha wagonjwa wa wadi ya pili. Nikaizima redio tusimalize betri bure. Hakuna aliyekuwa anaisikiliza tena.

Waliovunja dirisha wamekuja kumwamkia mama. Mmoja ameahidi kioo. Mama anapokea salamu kama waziri.

Sasa naweza kukuambia, maana hatari imepita. Nilikuwa nakudanganya, dada. Kilikuwa kimebaki kichupa kimoja cha insulini, na nilikuwa nampimia mama nusu ya anachostahili. Amekonda, miguu inawaka moto, usiku anakunywa maji na kukojoa hadi asubuhi. Hakutaka ujue. Alisema ukijua utashindwa kazi.

Jioni hii wamemleta binti wa fundi cherehani amezimia, pumzi inanuka kama matunda yaliyooza. Dawa kwao iliisha kabisa. Daktari akaniuliza kama najua dawa ilipo. Nikageuka kukunja bandeji. Mama akaniita akasema, "Toa kile kichupa." Nikamwambia mama, ni chako, ni cha mwisho. Akasema, "Cha mwisho cha nini wakati magari yanaingia kesho? Mpe mtoto. Mimi kesho nitachoma kipya." Nikakitoa mfukoni, nilikokificha. Binti alihitaji nyingi, kimeisha chote. Sasa hivi amefumbua macho, ameomba maji. Mama yake amepiga magoti mbele ya mama yetu, na mama anamwambia ainuke, sakafu ni chafu.

Kesho asubuhi mji wote tunakwenda darajani kuyapokea magari. Mama amesema atakwenda, apende asipende daktari. Nitamsukuma kwa kiti cha magurudumu.

Umefanya kazi, Kasuku. Umefanya kazi!

Mdogo wako

15 Aprili

Mdogo wangu,

Sijalala, lakini nina amani ambayo sijaionja siku nyingi.

Jana nilitimiza kiapo. Wote walisema "naunga mkono" nami nikasema. Zamu ya mzee ikafika. Akainama kwenye kipaza sauti chake, nikasikia neno lake masikioni mwangu, wazi kabisa. Nikazima kipaza sauti changu. Mwenzangu aliona, akanyoosha mkono awashe cha kwake. Nikamshika mkono. Hakuuchomoa. Tulikaa hivyo, tumeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara, hadi mwenyekiti alipotangaza kwamba azimio halikupita. Hilo nalo sikulisema. Nikavua visikilizio, nikatoka.

Naambiwa redio ilipoona hakuna sauti iliweka muziki. Haidhuru. Najua mmeelewa. Mtu akinyamaza mahali palipokuwa na "napinga", mwenye akili yeyote anajua jibu ni lile lile. Safari hii tu hamkulisikia kwangu. Natumaini mama amepata maji kwa amani.

Nimesimamishwa kazi. Mkuu hakufoka, alisema tu kwamba miaka yote aliniona kioo safi, na sasa ameona alama ya kidole. Sijali. Nilitaka ujue kuwa kwa mara ya kwanza sikumsemea.

Bado nasubiri habari za dawa.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Barua zako mbili, ya tarehe kumi na moja na ya kumi na tano, zimefika pamoja leo asubuhi. Nimezisoma kwa kufuatana. Ya pili niliirudia nikidhani nimekosea kusoma.

Hatukuelewa. Hakuna hata mmoja aliyeelewa.

Tulikwenda darajani. Mji wote, na mikokoteni, na watoto wamevaa nguo safi. Askari upande wa pili walishangaa, kisha wakacheka. Mmoja akauliza kwa kipaza sauti ni nani aliyetuambia njia imefunguliwa. Watu wakajibu kwa pamoja, "Baraza!" Wakacheka zaidi. Tukafikiri labda amri haijawafikia. Tulisubiri juani hadi jioni. Kesho yake tukarudi. Siku ya tatu nikamwambia mama tubaki nyumbani, akasema magari yakija bila mtu wa kuyapokea itakuwa aibu kwako.

Hakuwa na dawa tangu jioni ile. Unajua mwenyewe inavyokwenda. Kwanza kiu, kisha kutapika, kisha usingizi. Nilimwekea maji ya mshipa, yaliyokuwepo. Alikuwa akizinduka ananiuliza, "Yamefika?" Nikamwambia yako njiani, tairi limepasuka. Akazinduka tena, akauliza, nikasema wanabadilisha tairi. Mara ya mwisho hakuuliza. Alisema nikuandikie kwamba sauti yako ilikuwa nzuri. Tumemzika nyuma ya hospitali kwa sababu makaburi yako ng'ambo ya daraja.

Ningekuficha kama ningejua namna. Sijui tena.

Binti wa fundi cherehani yuko hai. Sindano zilizomrudisha zilimfikisha siku ambayo dereva alipitisha vichupa vichache ndani ya soksi zake. Vilichelewa kwa mama kwa siku zisizojaa kiganja. Fundi cherehani anakuja kila siku anakaa barazani kwetu, anashona kwa mkono. Watu wanaamini redio iliharibika. Sijawaambia kilichotokea. Tunajua wewe na mimi, na askari aliyeisoma barua yako kabla yangu.

Sijakusamehe, dada, sikufichi. Na mimi mwenyewe sijajisamehe, kichupa kilitoka mfukoni mwangu na redio niliizima kwa mkono wangu. Najua hukupiga kura. Najua ungesema au usingesema, yule mzee angepinga na daraja lingefungwa. Lakini tungebaki nyumbani. Kichupa kingebaki mfukoni. Sisi si mara ya kwanza kukataliwa, dada. Mtu akitukatalia tunajua la kufanya, tunagawana kilichopo na tunapima nusu nusu. Kilichotuua ni kudhani tumekubaliwa.

Dirisha bado tumeliziba kwa turubai. Nasikia kura nyingine inakuja. Kama watakurudisha, usituonee huruma. Sema.

Mdogo wako

23 Mei

Mdogo wangu,

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikaa sakafuni na sikuinuka hadi mwenye nyumba alipogonga mlango kuuliza kama niko salama. Nilimwambia nimefiwa. Ni neno nililolisema kibandani mara nyingi sana kwa niaba ya watu, na siku ile sikuweza kulimaliza.

Sitakuomba msamaha kwa barua. Daraja likifunguliwa nitakuja kuuomba kwa miguu yangu, na ukinifungia mlango nitakaa barazani na fundi cherehani.

Nilikwenda kwa mkuu wa wakalimani. Nilimsihi anirudishe. Aliniuliza kama nimeelewa kosa langu, nikasema ndiyo, ingawa yeye na mimi hatukuwa tunazungumzia kosa moja. Aliniuliza kama nitamsemea kila mjumbe kama anavyosema. Nikasema nitamsemea.

Kura ilikuwa leo. Mwenzangu alitaka kunipokea zamu kabla ya mwisho, nikatikisa kichwa. Wakaunga mkono wote, kama kawaida yao. Yule mzee akaitwa. Akakohoa, akainama, akasema.

Nilisema napinga. Nililisema polepole, karibu na kipaza sauti, ili hata mwenye redio mbovu alisikie. Kisha mwenyekiti akatangaza matokeo, nami nikayasema yote: azimio halikupita, daraja linabaki limefungwa, hakuna gari litakaloingia. Kwenye karatasi ya mwenyekiti hapakuwa na maneno "hakuna gari litakaloingia". Hayo niliyaongeza mimi. Mkuu amesikia, na kesho ameniita ofisini.

Najua watu wametukana jina langu jioni hii. Najua huenda jiwe jingine limepigwa. Waache. Niandikie neno moja tu, halafu ukitaka usiniandikie tena: kwamba hakuna mtu aliyetoka nyumbani.

Dada yako